Yadi Nne za Merikani Uwanjani

Mkitaka kucheka chekeni tu, maana mji wa Tabora umeshacheka kabla yenu, na hata mume wangu, ambaye ndiye aliyepaswa kunifichia aibu, alicheka mpaka akaegemea cherehani yake machozi yanamtoka. Mimi hasira sijamaliza. Lakini nikikumbuka nilivyozunguka katikati ya uwanja kama pia, na mimi nacheka, halafu nakasirika upya kwa kuwa nimecheka.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, walimu wanatafutwa kama sukari, na sisi tuliomaliza kidato cha nne tukachukuliwa mafunzo ya ualimu hapo hapo mjini. Nilikuwa nimeolewa mtaa wa Gongoni, nina mtoto wa kwanza, Salma, miezi miwili, ananyonya kama amesikia maziwa yanakwisha kesho. Mafunzo yakikaribia mwisho tukatangaziwa kwamba kuna nafasi moja tu ya mwalimu wa michezo katika shule iliyoko Cheyo, yaani karibu kiasi kwamba kengele ya mapumziko ikilia nakimbia nyumbani namnyonyesha mtoto narudi, na wengine wote watapangiwa vijijini, huko ambako basi linaondoka alfajiri na kufika likitaka. Sasa niambieni nyie, nafasi ile ningeiachaje?

Mkufunzi wetu wa michezo, Bwana Mhina, alitoka Dar es Salaam na filimbi shingoni na soksi nyeupe mpaka magotini (Tabora hii ya vumbi!), na kufundisha alijua, simnyimi haki yake. Alituonyesha jinsi ya kuhesabu mapigo ya moyo kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, akatuchorea kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, kwamba ukishuka tumbo linatoka mbele na hewa inaingia. "Moyo wa mwanamichezo," alikuwa akisema, "usiutazame unavyokwenda, utazame unavyorudi." Basi mtihani wa nafasi ile ukawa hivyo: mnakimbia raundi nne za uwanja, mnakaa dakika mbili, anahesabu moyo wa nani umetulia mapema, halafu kila mmoja anaeleza mbele ya darasa mwilini mwake kulitokea nini.

Nikanyoosha mkono.

"Mama Salma, wewe si unanyonyesha?" akasema. "Utatushikia saa."

"Mkufunzi, kwani nanyonyesha kwa miguu?"

Darasa likalipuka kwa kicheko. Akavuta soksi zake juu, akasema, "Haya, kimbia. Ukianguka usinilaumu."

Nikarudi nyumbani na hasira zangu, na nyumbani, ndugu zangu, kulikuwa na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa akinifunga mkaja kila asubuhi, kile kitambaa cha kukaza tumbo la mzazi. Wenzangu wanafungwa siku arobaini wanaachiwa, mimi siku sitini bado nimo, kwa sababu yeye kila akinitazama anasema tumbo halijarudi. Na si kanga, ni merikani, ile pamba nyeupe ya zamani, yadi nne, nzito kama turubai, maana babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, alibeba pembe za ndovu kutoka hapa hadi pwani kwa miguu, na wapagazi walijikaza tumbo kwa merikani kabla ya kuinua mzigo.

Asubuhi ya mtihani akaingia na kitambaa chake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Simama wima. Babu yangu alifungwa hivi akafika Bagamoyo, wewe raundi nne zitakushinda?"

Hapa ndipo nilipojimaliza. Ningesema maneno matatu tu, "Leo hapana, Mama," na leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini nikaona huyu nikibishana naye nachelewa, acha afunge, nitakwenda kufungulia chooni uwanjani. Nikasema, "Haya, Mama."

Kumbe fundo kaliweka mgongoni! Fundo la wapagazi, anasema mwenyewe, halilegei mpaka mzigo utuliwe. Kule chooni nikavuta, nikajikunja, nikavunja kucha, haliendi. Na niseme ukweli wote, nilijitazama kiuno nikakiona kimerudi cha kidato cha pili, nikavuta kwa moyo nusu. Filimbi ikalia. Nikachomeka ncha ndani ya bukta, nikashusha sketi, nikatoka mbio.

Tulikuwa wanne, mimi, wanaume wawili, na Anastazia, Msukuma mwenye miguu inayoanzia kifuani. Pembeni darasa zima, watoto wa shule, wenye maduka waliosikia kuna wanawake wanakimbia, na mama mkwe amesimama mbele na Salma begani.

Raundi ya kwanza haikuisha pumzi ikakata, na kilichoniuma ni kwamba nilijua sababu! Kiwambo kinataka kushuka, merikani imekataa. Raundi ya pili Salma akanisikia nahema akalia, na mtoto akilia maziwa hayaulizi kama mama yuko mtihanini, fulana ikafanya miduara miwili mbele ya watu wa Tabora. Nikipita upande huu mama mkwe anapiga kelele, "Kaza tumbo, mwanangu, kaza!" Nikipita upande wa pili mkufunzi, "Achia tumbo, Mama Salma, achia!" Tumbo langu mwenyewe, nimebebeshwa walimu wawili!

Raundi ya tatu nikakohoa, na lile fundo lililofika Bagamoyo likafunguka. Nikasikia kitu kinanigonga visigino. Nikatazama nyuma, naona mkia mweupe, mrefu, unatimua vumbi. Nikasema potelea mbali, nikaongeza mwendo, mkia nao ukaongeza, na wakati huo huo Anastazia, ambaye alikuwa ananipita kwa raundi nzima, akaukanyaga.

Nilizunguka. Wanaosema mara tatu wananihurumia. Merikani inafunguka, mimi nageuka, naona darasa, naona maduka, naona mama mkwe, naona darasa tena, halafu chini, puu! Bwana Mhina akaja mbio kuniokoa, mguu mmoja ukaingia kwenye kitambaa, wa pili ukaufuata, naye huyo, soksi nyeupe angani. Uwanja mzima ukapiga vigelegele kama harusini, na katikati ya vigelegele sauti ya mama mkwe, "Wewe kijana, usinichanie merikani yangu!"

Lakini sikilizeni. Nilipoinuka tumbo li wazi, hewa ikaingia yote, nikakimbia mwendo uliobaki kama nafukuzwa na nyuki. Nikafika wa mwisho, ndiyo, ila nilifika.

Tukakaa zile dakika mbili. Mkufunzi kashika mkono wangu na vumbi lake masikioni, anahesabu. "Haushuki," akasema.

"Utashukaje na wewe umekalia kitambaa cha mama mkwe wangu?"

Ukapanda zaidi. Wa Anastazia ukatulia kabla hata hajafuta jasho. Nikaiona Cheyo inaondoka na mimi nabaki, naliona basi la alfajiri, namwona Salma analia barabarani. Ikabaki kueleza tu, na wenzangu wakaeleza kama daftari linavyosema, sawa kabisa, watu wanapiga miayo.

Zamu yangu nikasimama na miduara yangu. "Mama," nikasema, "nakuomba mfunge mkufunzi."

Hakuuliza mara mbili. Alimpa mtu Salma, akamshika Bwana Mhina mabega, akamkaza yadi zote nne na goti lake mgongoni, fundo nyuma. "Sasa kimbia raundi moja, Mkufunzi, na uvute pumzi kwa tumbo." Alitaka kukataa, lakini darasa lilikuwa limeshaanza kumpigia makofi. Nusu uwanja akasimama, mikono magotini, anatweta juu juu kama kuku aliyefukuzwa, na mimi nikamwonyesha kila mtu mabega yake yanavyopanda na tumbo lisivyotoka, nikawaambia hicho ndicho kiwambo kilichofungiwa mlango. Hakuna aliyepiga miayo.

"Mbona babu yangu alifika?" mama mkwe akauliza.

"Babu alitembea, Mama. Amebeba mzigo, anakaza mgongo. Hakukimbia."

Akafikiri. "Kweli," akasema, "na pembe utakimbilia wapi."

Bwana Mhina akainua mkono. "Nafasi ya Cheyo mpeni," akasema, "na nifungueni."

Nikamwendea Anastazia nimpe pole. Akacheka. "Shoga, mimi nilitaka kijijini kwetu tangu mwanzo, nimekimbia kwa kuwa napenda kukimbia. Ungeniuliza ningekwambia." Nilitamani kumfunga na yeye!

Hadi leo pale shuleni naitwa Mwalimu Merikani, na watoto nikiwapa kisogo wanajichomeka sweta kiunoni wanalikokota. Nawakimbiza, nawakamata, halafu nawahesabisha mapigo ya moyo. Na mama mkwe, kila nikizaa, huja na kitambaa chake, nami humpokea kwa heshima zote, shikamoo Mama, karibu Mama, funga Mama. Ila fundo linakaa mbele, ninapoliona, na nalifunga mwenyewe.