Ufunguo wa Maji Unaolala kwa Dada Tippavva

Saa kumi na moja alfajiri, Ningappa Hadimani anaegemeza baiskeli yake ukutani, anakohoa kidogo, kisha anabisha hodi kwenye nyumba ya watu kuomba kifaa cha kazi yake mwenyewe.

"Nani?" sauti ya mwanamke inauliza kutoka ndani.

"Mimi, dada."

"Leo zamu ya nani?"

"Mtaa wa Hekalu, halafu Wafumaji."

"Na wa Bondeni jana walipata?"

"Walipata. Yule mwalimu aliosha mpaka pikipiki."

"Alaa. Kumbe ana pikipiki."

Mlango unafunguka. Tippavva Kumbar, mama wa miaka hamsini na kitu anayeuza mikate ya mtama, anatokea na unga hadi kwenye viwiko. Kwa mkono mmoja anaburuta nondo nzito inayomfika Ningappa kifuani, yenye mpini uliokingama juu. Huo ndio ufunguo. Chini ya barabara za mji wetu wa Kanakoppa kuna koki kubwa zilizofunikwa kwa vifuniko vya chuma, na bila nondo hiyo hakuna koki inayozunguka.

Hapa kwetu kaskazini mwa jimbo la Karnataka, India, kila mtaa hupata maji mara moja kwa siku sita, kwa muda wa saa mbili hivi, basi. Anayeyafungulia ni Ningappa. Wanawake wa mjini husema Mungu hutoa mvua na Ningappa hutoa maji ya bomba, na wote wawili huchelewa.

Ana miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameitumia katika kazi hii, yote kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Mshahara ni rupia elfu kumi na mbili kwa mwezi, pale usipocheleweshwa. Wazee bado humwita niruganti, jina la kale la mgawa maji wa mashambani, kwa sababu babu yake alikuwa mmoja wao.

"Babu aligawa maji ya shamba la kila mtu," anasema Ningappa akifunga nondo kwenye baiskeli. "Lakini kisima cha kijiji, kwa tabaka letu la chini, hakuruhusiwa kukigusa. Akiwa na kiu alikinga viganja, mtu akammiminia kwa mbali."

Analisema hilo taratibu, bila kununa. Anayeandika haya ndiye aliyenuna.

Nyumbani kwake maji hufika mwisho wa zamu zote. Kinyozi hajinyoi. "Watu wanadhani mke wa Ningappa anaoga mara mbili kwa siku," anasema mkewe, Gangavva, ambaye hushona blauzi. "Waambie waje waninuse."

Sasa, ufunguo wa mwajiriwa wa mji ulifikaje kulala kwa muuza mikate? Kisa kilianza mwaka jana, wakati wa uchaguzi wa diwani.

Siku mbili kabla ya kura, vijana wawili wa kampeni ya Prabhuling Angadi, mfanyabiashara wa saruji wa Mtaa wa Hekalu, walimsimamisha Ningappa njiani.

"Kaka, kesho zamu ya Wafinyanzi, sivyo? Waruke."

"Nitawaambia nini?"

"Waambie koki imekufa. Jioni mzee atakuja kuifufua mwenyewe, watu waone nani anajua kufanya kazi."

"Na nisipowaruka?"

"Kaka, mkataba wako unaisha mwezi wa tatu. Pendekezo la diwani unalijua linavyohitajika."

Mtaa wa Wafinyanzi, ambako Tippavva anaishi, haujawahi kumpenda Angadi. Ningappa alijibu "sawa", kama anavyojibu mtu mwenye watoto wawili shuleni, akaenda nyumbani akashindwa kula.

"Nilitamani niugue," anasema. "Hata homa ndogo tu."

Gangavva naye hakumficha. "Nilimuuliza, ukifukuzwa tutakula nini? Halafu nikafikiria kukutana na wale wanawake sokoni, ndoo zao kavu, mimi nachagua bilinganya. Nikamwambia, nenda kafungue."

Alikwenda, lakini kwa woga. Alitangulia saa yake ya kawaida ili vijana wa Angadi wasimwone. Na hakupiga kengele.

Hapo ndipo alipojiponza. Kwetu, mfungua maji hupita na baiskeli akipiga kengele mtaa mzima, watu waamke na kupanga mapipa. Siku ya maji wanawake hulala jicho moja wakiisubiri. Wanawake wa Wafinyanzi walikuwa wameshasikia fununu kwamba watafungiwa. Walipochungulia wakamwona Ningappa ameinama kimya juu ya koki, walihitimisha hapo hapo.

"Anayefungua hupiga kengele," anasema Tippavva. "Anayenyamaza ni mwizi."

Walimnyang'anya nondo. Kisha wakakaa juu ya kifuniko, wanawake karibu ishirini, wakiapa kwamba hakuna mtu atakayefunga koki yao. Waume zao walisimama nyuma kuwatia moyo, mbali kidogo.

"Nikawaambia, dada zangu, nafungua," anakumbuka Ningappa. "Wakanijibu, hata mwizi wa kuku husema alikuwa anamsindikiza."

Baada ya nusu saa hivi akatokea Kallavva, wifi yake Tippavva, aliyebaki nyumbani kwa sababu ya goti. Alikuja akichechemea, sari imelowa hadi magotini.

"Mapipa yamefurika! Godoro langu linaelea! Nyinyi mmekaa hapa mnalinda nini?"

Koki ilikuwa wazi tangu mwanzo. Ningappa alikuwa amemaliza kuizungusha kabla hawajamkamata, na katika kata nzima mtaa pekee uliokuwa na maji asubuhi ile ni ule uliokuwa ukimtukana.

Tippavva anasimulia, "Mimi nilitamani kifuniko kinimeze. Nikamtazama Ningappa. Akaninong'oneza, 'Dada, wakijua nimefungua mimi, kazi sina.'"

Wakati huo huo pikipiki za vijana wa Angadi zikaingia mtaani. Waliona maji yakitiririka kwenye mtaro, wakamgeukia Ningappa kwa jicho baya.

Tippavva akasimama juu ya kifuniko na kuinua nondo. "Msimwangalie huyo. Tumemnyang'anya. Tumefungua wenyewe. Nendeni mkamwambie mzee wenu, na huu ufunguo harudishiwi mtu."

Wanawake ishirini ambao muda mfupi uliopita walikuwa wakimwita mwizi, wote wakaitikia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kallavva akaongeza kuwa yeye binafsi alimpiga kofi, jambo ambalo halikutokea.

Bila ufunguo, kata yote iliyobaki ilikauka, Mtaa wa Hekalu ukiwemo, ambako masufuria ya karamu ya wapambe yalikuwa yanasubiri kuoshwa. Alasiri Angadi alikuja mwenyewe, viganja vimekutana kifuani, akaahidi mbele ya wote kwamba zamu itafuatwa bila kujali nani anampigia nani kura. Tippavva akakubali nondo itoke kwenda kazini. Kulala, alisema, italala kwake. Uongo wa kunyang'anywa ungesimama vipi kama ufunguo ungerudi kwa Ningappa jioni ile ile?

Angadi alishinda uchaguzi. Mtaa mmoja haupindui kata. Gangavva aliihesabu miezi mpaka Machi kwa hofu, na Machi ilipofika diwani alitia sahihi pendekezo la mkataba.

"Nikimwondoa, yeyote nitakayemleta itabidi abishe hodi kwa yule mama," Angadi alisema, akicheka, alipoulizwa na gazeti hili. Je, anajua koki ilifunguliwa na nani? "Sijawahi kuuliza. Na wewe usiandike kwamba nimeuliza."

Tangu hapo wakubwa wakimpigia Ningappa simu wakitaka maji nje ya zamu, ana jibu moja: ufunguo hauko kwangu, bwana, muulizeni dada. Mke wa diwani mwenyewe alikwenda kuuliza walipokuwa na posa. Aliambiwa zamu yao ni Jumamosi na posa isogezwe. Ilisogezwa.

Sasa inasemekana mabomba mapya yanakuja, yenye maji usiku na mchana. Yakifika, mkataba wa Ningappa hautakuwa na kazi ya kuandikiwa. Hata hivyo ndiyo ndoto yake.

"Nataka nibishe hodi hapa siku moja," anasema, amerudisha nondo na sasa amekaa kizingitini kwa Tippavva. "Dada aulize, leo zamu ya nani? Nami nimjibu, ya kila mtu."

Tippavva anageuza mkate kwenye kikaango bila kumtazama. "Maneno matamu hayo. Na siku hiyo, kazi huna, utakula wapi?"

"Hapa."

Tippavva anamsogezea bilauri ya chai, inayofanana na yake mwenyewe, na kuuweka mkate wa moto kwenye sahani yao moja.

"Basi ingia ndani," anasema. "Unaniziba mlango."