Msimu Ambao Shamba la Mama Halikupandwa

Mama aliambiwa ana saratani ya titi wakati Mto Tana umefurika. Siku tuliyotoka Malindi na majibu, tulivuka kwa mtumbwi mahali ambapo siku nyingine tunapita kwa miguu, na njia nzima hakusema lolote juu ya titi. Alizungumzia maji. Yakishuka mapema, alisema, udongo utakuwa mzuri.

Mimi nina duka la vitenge na sare za shule mjini Garsen. Kilimo nilikiacha nilipoolewa, na sikuwahi kukikumbuka. Mama alikuwa mjane mwenye shamba lake kando ya mto, alilopewa na babake, na kaka yake, yaani mjomba wangu, analima upande wa pili wa mpaka. Watu wangu ni Wapokomo. Msimu wetu hautangazwi na mvua. Unatangazwa na maji ya mto yanapopanda na yanaposhuka.

Tulikwenda Nairobi kwanza. Hospitali ya umma walituambia tusubiri zamu ya mashine ya mionzi, na zamu yenyewe ilikuwa mbali. Hospitali ya binafsi hatukusubiri kitu, tulitajiwa bei tukatoka. Kwenye benchi la nje mgonjwa mmoja akatuambia twende India. Nilidhani ananitania. Lakini nilipouliza vizuri, nikakuta kwamba ndege, chumba na dawa vyote pamoja ni nafuu kuliko kulazwa Nairobi. Jambo hilo lilinikasirisha na bado linanikasirisha. Mjomba akauza ng'ombe, kanisa likachanga, tukaenda.

Tulipanga chumba karibu na hospitali, katika mji wa kusini mwa India wenye joto ambalo mama alilidharau. Alisema hilo si joto, waje Garsen. Jiko tulitumia pamoja na wagonjwa wa nchi nyingine, na mama alisonga ugali kwa unga wa chenga wa ngano kisha akaula kwa uso wa mtu anayeadhibiwa. Hospitali ilikuwa na mkalimani, kijana wa Kihindi aliyejifunza Kiswahili kwa Watanzania. Alimwita mama "bibi" na kumwambia, "Karibu ukae, bibi, dawa itapita taratibu." Mama alimpenda. Mimi alinichosha kidogo, kwa kuwa kila jambo alilitamka kwa furaha ile ile, hata habari za kutapika.

Dawa ilikuwa ya dripu, kisha siku za kupumzika, kisha dripu tena. Nywele zikanyonyoka. Mama akajifunga leso kichwani, akawa anauliza jambo moja tu kila anapoongea na mjomba kwa simu: maji yamefika wapi?

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Kijijini kwetu punje ya kwanza ya msimu hudondoshwa na mwenye shamba kwa mkono wake. Akiwa mgonjwa anabebwa hadi shambani, anadondosha hata punje moja, ndipo wengine wanaendelea. Shamba likipandwa bila yeye, wanakijiji wanaelewa kwamba mwenyewe hayupo tena, na aliyepanda ndiye mrithi. Mchungaji haipendi desturi hiyo wala haikatazi. Mimi niliijua tangu utoto, na nilikuwa nimeiweka pamoja na mambo ya kizamani ambayo mtu mwenye duka hayahitaji.

Basi maji yakashuka. Mjomba akanipigia, si mama, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekwepa jambo.

"Shamba la mamako liko tayari. Udongo hujapata kuuona hivi. Mwasemaje?"

"Panda, mjomba," nikamwambia. "Likae bure kwa nini?"

 

"Mmeongea na daktari?" akauliza.

"Tumeongea naye leo."

"Haya. Nimeelewa, mwanangu."

Nilikata simu nikiwa nimeridhika kwamba nimefanya jambo la busara. Mjomba naye aliketi chini, kama nilivyosimuliwa baadaye, akalia. Kwake mimi nilikuwa nimempa habari kwa adabu, bila kuitamka. Akapanda. Majirani walipoona mstari wa kwanza umepandwa na mkono wake, wanawake wakaja kwake na mikeka ya matanga.

Hatukujua kitu. Mahindi yakaota, yakapanda juu, na mjomba hakuwa anapiga simu. Nilidhani ana kazi nyingi, na mama, dawa ikiwa imemchosha, hakuomba tumpigie. Asubuhi moja nilikuwa bafuni, simu yangu ikalia, mama akaipokea. Aliyepiga alikuwa jirani yetu, mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa amejikaza kwa siku kadhaa kabla ya kunipigia. Hakungoja salamu.

"Pole sana, mwanangu. Mwaja naye lini tujitayarishe?"

"Twaja na nani?" mama akauliza.

Yule mama alipiga ukelele nikausikia bafuni. Nilipotoka, mama alikuwa ameketi kitandani na simu mapajani.

"Shamba langu limepandwa?" aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo. Nikaanza kueleza: udongo, msimu, mahindi ya kula. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akajilaza na kugeukia ukutani. Siku ya dripu ilipofika, alikataa kuvaa. Hakufoka. Nilipombembeleza aliniambia, "Mwenye shamba amekwisha zikwa. Hiyo dawa wataka kumtia nani?"

Nilimwona mkaidi. Nilimwambia hivyo, tena kwa sauti kubwa, na watu wa jikoni wakachungulia mlangoni. Mkalimani aliitwa, akaketi karibu naye, na kwa mara ya kwanza furaha yake ikamtoka. Daktari alisema kupitia kwake kwamba dawa ikikatizwa hapo, uvimbe uliokuwa umeanza kupungua utarudi, na yeye hatakuwa na la kufanya. Mama akamshukuru. Akaomba arudishwe nyumbani.

Nikampigia mjomba. Nilimwambia yote, na mwisho nikamwambia lile ambalo mkulima yeyote angenitukania. Ang'oe.

"Yamefika magotini," akasema.

"Najua."

"Wajua, au wanambia tu?"

Sikuwa najua. Sijawahi kung'oa zao zima linalostawi mbele ya majirani wenye njaa. Yeye aling'oa. Ilimchukua siku nzima, na watu walisimama kandokando wakitazama, wengine wakisema amerukwa na akili. Mahindi mabichi yale akawapa Waorma wapitao na ng'ombe. Mwaka huo mahindi ya shamba lake peke yake hayakutosha, nyumba yake ikala unga wa dukani, na hakuna hata mara moja aliyonikumbusha jambo hilo. Nafikiri ningemheshimu kwa urahisi zaidi kama angenikumbusha.

Alinitumia picha ya shamba tupu. Nikampa mama simu. Aliivuta picha ikawa kubwa, akaipeleka huku na huku kwa kidole.

"Mbona hakusafisha ile kona ya mtoni?" akasema.

Nikatoka nje nikalia kwenye ngazi, kwa furaha na kwa hasira, sijui ipi zaidi. Kesho yake alivaa, akapanda kitanda cha dripu, akamsalimu mkalimani.

Alimaliza dawa, akamaliza mionzi, tukarudi. Magugu ya shambani yalimfika mabegani. Aliingia katikati yake akicheka. Maji yalipopanda na kushuka tena alidondosha punje yake mwenyewe, na msimu uliofuata pia. Kijijini walimpenda kwa hofu kidogo, na yule mama wa kwaya alikuwa kila akimwona anataka kumshika mkono.

Kisha mgongo ukaanza kumuuma. Tukaenda Malindi, tukapigwa picha, tukaambiwa saratani imerudi, iko mifupani. Nilianza siku hiyo hiyo kuuliza habari za viza na kumwandikia mkalimani wetu wa kule. Mama hakunikataza. Alikuwa bado anatembea, anapika, ananigombeza.

Maji yaliposhuka aliniita kutoka dukani. Nilimkuta ukumbini, mbegu ameshaziloweka, ziko kwenye bakuli.

"Lishike wewe," akasema.

"Mama, si mbali. Tutakubeba."

"Kunibeba kwa nini? Miguu ninayo."

Akajifunga leso, tukaenda wote wawili, yeye mbele. Mjomba alikuwa shambani kwake. Alipoona bakuli liko mikononi mwangu, aliweka jembe chini. Mama alisimama kando, nikachimba shimo, nikadondosha punje, nikafukia. Akaniambia nimechimba kina kirefu mno. Nikarudia. Akaniambia nafasi ni ndogo, mahindi yatabanana. Nikarudia tena. Mstari ulipomalizika akasema sasa ni sawa, akarudi nyumbani polepole kuinjika chai.

Habari za viza sikuziuliza tena.