Mikono ya Hilda

Msimwite Hilda bubu mbele yangu. Ni kiziwi tangu kuzaliwa, sawa, lakini dada huyu ana maneno kuliko redio.

Yeye na mdogo wake Ruthu walikulia kwenye majaruba ya mpunga huku Bahi, wakiamia ndege wasile mpunga. Mmoja alisimama mwanzo wa shamba, mwingine mwisho. Sauti isingemfikia Hilda, basi wakasemeshana kwa mikono. Mwanzoni ishara zilikuwa za ndege tu, na upande wanaotokea. Mwaka wa pili wakawa na jana na kesho. Wa tatu walikuwa wakisengenya watu, na baba yao, aliyechoka kuachwa nje ya mazungumzo, akajifunza naye.

Baba alipofariki mwaka jana, mdogo wake Sostenes akadai shamba. Hilda akamwita mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Nathanaeli, aje shambani asikilize, nasi majirani tukafuata. Ruthu alitafsiri: baba ametuachia sisi.

"Hiyo siyo lugha," Sostenes akasema. "Ruthu anatunga mwenyewe."

Hilda alipofikishiwa hayo hakulia. Alimtuma Ruthu ng'ambo ya majaruba, atupe mgongo, kisha akamwashiria mzee afanye chochote anachotaka. Mzee akavua kiatu cha kushoto, akatia mpunga, akakivaa. Ruthu akaitwa ageuke. Hilda akanyanyua mikono.

"Mzee, umevua kiatu cha kushoto!" Ruthu akapaza sauti kutoka kule. "Umetia mpunga, ukakivaa! Na samahani, anauliza, hiyo soksi iliyotoboka, nyumbani hamna sindano?"

Tulicheka, hata mzee mwenyewe. Hilda hakucheka. Alimngoja Ruthu arudi, akaeleza lililobaki. Siku ya mwisho koo la baba lilikuwa limefunga, sauti hana, na Ruthu yuko kwa mumewe Ihumwa. Baba akamwambia Hilda kwa mikono: shamba ni lenu wawili, msiwaachie ndege.

Sostenes akakaa chini kwenye tuta.

"Shamba ni lao, mzee," alisema. "Siku ile nilikuwepo. Niliiona mikono ya kaka. Nikadhani anahangaika na homa, nikaishika mpaka ikatulia."

Ruthu alishindwa kutafsiri. Hilda akamtazama usoni, akamshika bega, akadai aambiwe yote. Akaambiwa.