Bugali wa Kirotshe

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Karuba, na jioni ni kocha wa timu ya mpira ya wasichana. Siku ya kushinda sina kazi: wanaimba wenyewe ndani ya lori, kamyo tunavyoliita huku, mpaka nyumbani. Kazi iko siku ya kushindwa.

Huku kwetu kuna desturi. Timu ngeni ikifungwa, haigusi chakula cha wenyeji. Wanapika, wanapakua, wanakaribisha, na ninyi mnapanda kamyo na njaa yenu, vichwa juu. Nilifundishwa hivyo nilipokuwa mchezaji, nami nikawafundisha hivyo hivyo, nikiiita heshima. Ujinga mtupu! Watu wenye njaa safarini hutafuta wa kulaumu. Msimu mmoja wa kulaumiwa alikuwa mshambuliaji wetu, aliyekosa penalti. Walimsema kutoka Ngungu mpaka Karuba, nami nimekaa mbele na dereva, nimenyamaza, nikidhani yataisha yenyewe. Hakurudi mazoezini. Nilipomkuta sokoni baadaye aligeuza uso, na mpaka leo inaniuma.

Mwaka jana tulifungwa Kirotshe, mbili kwa moja. Bao la pili lilipita katikati ya miguu ya kipa wetu, mpira wa polepole ambao hata mimi na magoti yangu haya ningeudaka. Filimbi ilipolia nilijua safari hii atasemwa nani. Nikawaza: huyu naye nitampoteza.

Wenyeji walikuwa wametandika mkeka, bugali unafuka moshi, maharagwe kando, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, zinanukia mpaka mate yakanijaa. Wasichana wangu wakapita bila kutazama, wakapanda. Mwenye kamyo, mfanyabiashara wa Butembo, alitaka lirudi kabla ya mvua, na dereva akaanza kupiga honi. Nikahesabu vichwa. Mmoja hayupo.

Kipa alikuwa ameketi mkekani, ananawa mikono.

Kule juu wakaanza: msaliti, ametuuza, abaki huko huko. Nahodha akaniambia wazi kwamba huyo akipanda, wao wanashuka. Nikamwendea kipa na hasira zangu zote, nimwinue kwa mkono.

"Mama kocha," akasema bila kunitazama, "ile bao njo mimi niliacha, najua. Lakini niko na njaa. Nikipanda na hii njaa, sitarudia tena mu goli."

Nikanawa, nikaketi kando yake, nikamega bugali. Mama mmoja wa pale akatusogezea sambaza. Tulikula wawili, honi inalia. Halafu nahodha akashuka, amenuna, akasema yeye atakula maharagwe tu, samaki hataki. Alikula samaki. Wengine wakamfuata, na njiani hakuna aliyemsema mtu. Walilala kwa shibe.

Mwezi uliopita Kirotshe walikuja kwetu, tukawafunga. Wakapita sufuria zetu vichwa juu, wakapanda kamyo lao. Kipa wangu akapakua sinia ya bugali na maharagwe, akaenda kuwagongea ubao wa nyuma. Kipa wao alikuwa kwenye kona, analia, hataki kushuka. Basi kipa wangu akapanda na sinia yake, akaketi kando yake, akaanza kula.