Matanga ya Fundi Viatu

“Mama Prodige, fundi iko kwa matanga mpaka Jumapili. Sasa nani ataenda korti Ijumaa?” Jirani yangu Laetitia aliniuliza hivyo. Fundi viatu wetu wa Clairwood, mtaa tunaoishi huku ugenini, ana sauti ya chini. Uzi huulowesha kwa mate kabla ya kushona, na akimaliza kiatu hukipangusa kwa kiganja kama anayempangusa mtoto uso. Manispaa imeruhusu uwanja wa malori ubavuni mwa nyumba yake. Wakili alituambia muda wa kupinga unaisha Ijumaa. Ukipita, jaji hasikilizi tena, hata kama haki ni yako, na kiapo cha kupinga lazima aape mwenye nyumba mwenyewe, mbele ya korti. Halafu simu ikaja kutoka nyumbani kwao Bukavu kwamba mama yake amefariki. Kwetu mfiwa hatoki nje mpaka wazee waanue matanga. Basi akakaa mkekani, vidole vikipapasa ukingo kana kwamba vinatafuta pa kushona.

Alhamisi jioni tukiwa tunaimba, lori lilipita, vikombe vikalia kwenye sinia. Mzee Athanase, mmoja wa wazee wa matanga, akamwambia fundi, “Tulia, mwanangu. Mungu hana saa.” Laetitia akaninong’oneza, “Mungu hana, lakini jaji iko nayo.” Fundi aliinamisha kichwa, akajibu, “Ndiyo, papa.” Nilipomletea chai hakuipokea. Alinishika mkono.

“Mama, niombee ruhusa kwa wazee. Kesho asubuhi nitoke, niape, nirudi nikae matanga.”