Mota Mbili, Mkanda Mmoja

Kiwanda chetu cha kuchambua taka kiko mashariki mwa London, na kinategemea mkanda mmoja mrefu unaovutwa na mota mbili kubwa. Mama yangu alikuwa akisimama kando ya mkanda huo, akitoa chupa na makopo. Mimi, na digrii yangu ya uhandisi wa umeme, nilikuwa msaidizi wa fundi. Aliyewasha mota alikuwa msimamizi, Mhindi wa Kisumu, na ndiye pia aliyeamua nani aitwe kazini na nani abaki nyumbani.

Kila asubuhi aliwasha mota ya kwanza peke yake. Mkanda ulikuwa bado na taka za jana, zimelowa, kwa kuwa meneja hakutaka tuuache umalize kumwaga taka kabla ya kuuzima. Aliona huko ni kuharibu umeme. Mota ilinguruma bila kusogeza kitu, ikapata moto. Msimamizi alitazama taa za darini mpaka aridhike kwamba hazififii, ndipo akawasha ya pili. Mkanda ukaondoka.

"Mzee, kwa nini unasubiri hivyo?" nilimuuliza.

"Ukiziwasha karibu karibu, stima inapotea."

"Imewahi kupotea hapa?"

"Kule Kisumu, kwenye kiwanda cha sukari, ilikuwa inapotea mji mzima. Wewe ulikuwa bado unanyonya."

Wanawake wa mkanda walicheka. Mama hakucheka.

Nilimweleza msimamizi kwamba laini ya umeme ya hapa inazimudu zote mbili zikiwashwa kwa kupishana kidogo tu, na kwamba mota moja inateseka na mzigo uliopimiwa mbili. Alinipiga bega akaenda zake.

Nyumbani Tottenham, Mama alivua viatu kwanza ndipo akasema, "Wewe unataka kuwa sahihi. Mimi nataka kuitwa Jumatatu."

"Kwa nini nikiwa sahihi wewe usiitwe?"

"Kaulize chuo chako."

Jumatatu nilirudia maneno yale ya mota mbele ya meneja. Nilidhani mtu anayelia na bili ya umeme angejali mota inayoungua. Alijibu kwamba mzee ana uzoefu, na mimi nina vitabu. Msimamizi alikuwa amesimama pale pale, akipangusa miwani.

Haikuchukua muda mota ya kwanza ikaungua. Moshi ulitoka asubuhi wakati msimamizi akiangalia taa, na harufu ya vanishi ya nyaya iliyoungua ikajaa mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Wanawake walingoja na glavu mkononi, kisha wakaambiwa waende nyumbani. Meneja alimshukuru msimamizi: bahati aliwasha moja, la sivyo tungepoteza mbili. Niliangalia kama kuna mtu atacheka. Hakuna.

Mota mpya ilipofika, wanawake waliitwa tena, isipokuwa Mama.

"Mama yako amechoka," msimamizi aliniambia kwa upole. "Apumzike. Nyumbani ana mhandisi."

Siku hizi Mama anasafisha ofisi, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Jioni ile ya kwanza ya mota mpya alikuwa jikoni akichambua maharagwe.

"Imewaka?"

"Imewaka."

"Zote pamoja?"

"Ya kwanza peke yake. Akatazama taa."

Alitupa jiwe dogo kwenye sinki, akaendelea kuchambua.