Mkata tiketi ambaye mtaani kwao "huja usiku tu"

Saa tatu asubuhi mashine za kufulia zinaunguruma zote kwa pamoja, na meza ya pembeni inatetemeka mpaka kikombe cha chai kinatembea chenyewe. Mwanamke wa miaka thelathini na minane anakirudisha kikombe mahali pake bila kukitazama. Macho yake yako kwenye kompyuta. Sikio moja lina simu, jingine linamsikiliza fundi bomba aliyesimama mbele yake, kofia mkononi.

"Nataka ile ya bei ya chini kabisa, Shangazi," fundi bomba anasema kwa sauti ya kunong'ona, kama mtu anayeulizia dawa ya ugonjwa wa siri.

"Nyumbani wanajua unakuja?"

"Hawajui."

"Haya. Basi nitakushusha usiku."

Fundi anacheka huku anaangalia sakafu. Hakulitamka hilo, lakini ndilo lililomtoa kazini kuja hapa.

Meza hii, iliyobanwa kati ya mashine ya kukaushia na ubao wa kupigia pasi, ndiyo ofisi ya mwanamke ambaye wateja wote humwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Huwatafutia watu wanaofanya kazi ugenini, kama yeye, tiketi za ndege za kurudi kwao kwa bei wanayoiweza. Kodi ya meza huilipa kwa kukunja mashuka ya duka kila jioni.

Kazi yenyewe ni ya subira. Huanza kwa kumuuliza mteja kama anaweza kusafiri katikati ya wiki, kisha kama yuko tayari kupanda treni mpaka mji wa jirani, ambako viti huwa vya bei nafuu. Humalizia na swali ambalo wengi hawalipendi: anaweza kulala kwenye benchi la uwanja wa ndege akisubiri ndege ya kuunganisha? Akijibiwa ndiyo mara zote tatu, bei huweza kushuka karibu nusu.

Lakini anasema miaka imemfundisha kwamba mteja haji na bei tu kichwani. Anakuja pia na saa ya kufika.

"Wenye nazo wananiambia, Shangazi, nishushe mchana. Wanataka mtaa mzima uone mabegi yanavyoteremka," anasimulia. "Asiye nazo ananizungukazunguka weee, mwisho anauliza kama kuna ndege inayofika watu wakiwa wamelala. Namwelewa. Tiketi ya bei ya chini haina mzigo, ina begi la mkononi tu. Na kwetu unajua tena, mkono mtupu haulambwi."

Mwezi mzuri hukata tiketi arobaini hivi. Mwezi mbaya hazifiki kumi na tano, na kwa kila moja hubaki na asilimia tatu ya nauli. Ndiyo maana asubuhi, kabla ya kufungua kompyuta, husafisha ngazi za jengo la jirani.

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Mwanamke huyu amewarudisha makwao mamia ya watu, na yeye mwenyewe hajakanyaga kwao kwa miaka kumi na minne.

Ukimuuliza kwa nini, anaanza kupanga upya kalamu zake.

Alikuja ugenini kusomea ufamasia. Ukoo ulichanga, majirani wakachanga, hata mwalimu wake mkuu wa zamani alitoa alichokuwa nacho. Siku ya kuondoka walikodi basi zima kumsindikiza uwanja wa ndege, wakaimba mpaka askari akawaomba wapunguze sauti. Mwaka wa pili karo ikamshinda. Akaacha chuo, akaanza kukunja mashuka, na nyumbani hakumwambia mtu.

"Niliwaambia nafanya kazi na mambo ya ndege. Si uongo, sivyo?" anasema, anajaribu kutabasamu. "Balaa ni kwamba wao wakaelewa kuwa mimi ninaruka bure. Sasa mtu anayeruka bure asipokuja kwao, utamtetea vipi?"

Anakiri kwamba nauli aliwahi kuwa nayo, tena zaidi ya mara moja.

"Nauli ninayo. Nisichokuwa nacho ni cha kushuka nacho. Nikiwaza lile basi, na zile nyimbo, halafu mimi nashuka na begi la mkononi... Bora ardhi ipasuke inimeze."

Baba yake alifariki miaka minne iliyopita. Taarifa ilimfikia asubuhi akiwa kwenye meza hii, na mteja wa kwanza siku hiyo alikuwa dereva wa lori aliyekuwa amefiwa na baba yake pia. Alimtafutia kiti cha jioni ileile. Dereva akawahi mazishi.

"Nilimkatia yule akamzike wa kwake," anasema. "Wangu nikamlilia chooni, nikafungulia bomba watu wasinisikie. Mpaka leo nikikumbuka, najionea haya kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya."

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja anayelea wazee katika nyumba ya watu, anatafuta tiketi ya likizo yake ya kwanza. Katika kutaja uwanja anaokwenda, kisha mji, kisha mtaa, wakagundua kwamba wametoka njia moja, nyumba zao zinatazamana. Binti huyo alikuwa mtoto mdogo wakati wa lile basi.

"Kumbe ndiye wewe!" binti akasema. "Mama yako anatuambia huwa unakuja kila mwaka. Unafika usiku, unaondoka kabla hakujapambazuka kwa sababu ya kazi. Hata baba yako alipofariki, ulikuja usiku ukamuaga kwenye jeneza. Sisi watoto tulikuwa tunasema, huyu dada ana maringo, hata salamu hataki kutupa. Unisamehe, Shangazi."

Shangazi aliendelea kubonyeza, na alipomaliza alikuwa amemshikia binti nafasi ya mwezi ambao hakuutaka. Ikabidi aifute na kuanza upya.

"Aibu yangu mimi nimeizoea, tunalala nayo kitanda kimoja," anasema. "Lakini mama yangu! Mwanamke ambaye akikosea kuhesabu chenji anarudi dukani. Nimemfanya mwongo uzeeni."

Alijikaza kisabuni siku mbili, ya tatu akapiga simu. Anayasimulia mazungumzo hayo huku akiigiza sauti ya mama yake, ambayo ni nzito na haina haraka.

"Mama, nimesikia unavyowaambia watu."

"Umesikia. Ulitaka niseme nini? Watu wamejaa uani, baba yako yuko kwenye jeneza, wananiuliza mtoto yuko wapi. Nikasema amekuja usiku ameondoka. Mwaka uliofuata wakaniuliza tena. Uongo ukishauzaa, mwanangu, lazima uulishe."

"Nisamehe, mama. Nakuja. Nimeona ndege inayofika saa sita mchana, nitaongeza pesa kidogo. Nataka wanione hivihivi nilivyo, na begi langu moja, niwaambie mwenyewe kwamba sikuwahi kuja."

Mama akamjibu polepole.

"Unataka kutua mzigo wako," akasema. "Sawa, ni haki yako. Lakini unautua kichwani kwangu. Mimi nitabaki nao hapa ukishaondoka. Pale kisimani, mbele za watu, nitapita na uso gani?"

Shangazi anasimamisha simulizi. Anafuta meza ambayo haina vumbi.

Anasema hapo ndipo alipoona kwamba kuna aibu zisizokuwa zake peke yake, na kwamba hana ruhusa ya kumvua mama yake nguo mbele za watu ili yeye apate kupumua. Akaiachia nafasi ya mchana. Akachukua ile ya usiku, ya bei ya chini kabisa, yenye kusubiri kwenye benchi, mzigo hakuna. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, jina lililokuwa kwenye tiketi lilikuwa lake.

Mama ndiye aliyepanga yaliyobaki. "Njoo usiku, ulale. Kukipambazuka, utoke nje ufagie uwanja, kama mtu wa nyumbani. Tena ufagie mpaka barabarani, wakuone. Na safari hii usiniondokee alfajiri."

Atakaa wiki tatu. Anasema akishafika atakaa na mama yake, na ikiwa mama ataridhia siku moja, ukweli wauseme wote wawili, palepale uani. Asiporidhia, basi.

Tangu tiketi ilipotoka, kila mchana wateja wanapopungua yeye humpigia mama yake, na mama humfundisha mtaa upya kama mtoto anayeandaliwa kwa mtihani. Nani ameoa. Duka lipi limehamia ng'ambo ya barabara. Mzee yupi asiulizwe hali ya mkewe, maana mkewe hayupo tena. Mtu ambaye huja kila mwaka hawezi kushangaa vitu hivyo. Wakati mwingine wanacheka, hasa mama anapomkumbusha kwamba asije akajigonga kwenye lango jipya, maana siku hizi linafungukia ndani.

Leo mchana, mashine zikiwa zimenyamaza, anauliza swali alilolikwepa kwa wiki mbili. Anageukia ukutani anapouliza, na sauti yake inanong'ona kama ile ya fundi bomba.

"Mama... baba yuko upande gani?"

Upande wa pili inajibu ile sauti nzito, polepole, bila lawama.

"Ukiingia makaburini, shika ukuta wa kulia. Nenda nao mpaka kwenye bomba la maji. Baba yako yuko nyuma ya bomba, amepandiwa maua meupe. Niliwaambia watu ni wewe uliyeyapanda."

Shangazi anafumba macho. Midomo yake inarudia taratibu: ukuta wa kulia, bomba, maua meupe.

"Tena, mama," anasema. "Niambie tena. Nataka nifike pale bila kumuuliza mtu."